Kamati ya Theluji

Theluji haijawahi kutanda Tarime, lakini nguo zake zimejaa. Pita kijiwe cha bodaboda asubuhi ya Juni au Julai, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, utawakuta vijana wamejifunga makoti manene yenye kofia za manyoya. Mengine bado yananing'iniza kwenye zipu kikadi kilichomruhusu mtu kupanda mlima fulani wa Austria au Marekani kwa siku moja. Yameshuka na marobota ya mitumba, yakapita mikononi mwa wachuuzi, na sasa yanapeleka abiria wawili na gunia la mkaa Sirari.

Ndiyo maana habari ilipofika kwamba mama yetu anatakiwa Ulaya kwa msimu wa baridi, hakuna aliyeshtuka nyumbani. Koti lipo, mama yupo. Kilichobaki, alisema baba, ni nauli.

Aliyemhitaji ni dada yetu. Alisomea mambo ya hoteli, akaajiriwa kwenye kambi moja ya watalii kule Kogatende, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambako kati ya Julai na Oktoba nyumbu huvuka Mto Mara na wageni hukaa kwenye magari tangu alfajiri wakiwasubiri. Mfaransa mmoja alikuja kutazama uvukaji huo. Nyumbu walivuka, wakarudi. Dada yetu alivuka moja kwa moja. Mahari yake ililetwa kwa ng'ombe walionunuliwa mnadani, maana baba alikataa katakata kuhesabiwa yuro, na harusi ilipokwisha wakaenda kuishi bonde la Chamonix, chini ya mlima Mont Blanc. Huko ndiko Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi ilikofanyika mwaka 1924, na tangu hapo watu wa bonde lile hula kwa theluji. Shemeji ni fundi wa vile viti vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma vikiwapandisha watelezaji mlimani. Dada anasimamia usafi wa vyumba hotelini.

Mwaka 2024 akapata ujauzito, mtoto akitarajiwa Novemba. Sheria ya Ufaransa humpa mwajiriwa wiki 16 za uzazi kwa mtoto wa kwanza: 6 kabla ya kujifungua na 10 baada. Alipopiga hesabu aliona kazi ingemwita mwishoni mwa Januari, karibu na likizo za shule za Februari, ambapo mji ule hufurika na hakuna meneja anayetaka kusikia habari ya mtoto. Nafasi za vituo vya kulelea watoto zilikuwa na foleni. Akapiga simu nyumbani.

Kwetu jambo kubwa halifanywi bila kamati. Baba akawa mwenyekiti. Kaka mkubwa, dereva wa magari ya utalii anayeishi Mugumu, akawa mweka hazina kwa sababu ndiye anayeshika bakshishi za dola wakati wa msimu. Baba mdogo, askari mstaafu aliyewahi kupelekwa kozi China miaka ya sabini, akajiteua mshauri wa masuala ya baridi. Mimi, mwalimu wa jiografia, nikapewa ukatibu. Kundi la WhatsApp likafunguliwa, likaitwa "Safari ya Mama". Mama hakuwa mjumbe. Hana simu janja, na isitoshe kila kikao kilipoitishwa, yeye ndiye aliyekuwa jikoni akiwapikia wajumbe.

Kikao cha kwanza kilitekwa na baba mdogo.

"Mura, mimi nimelala nje China mwezi wa kwanza," aliniambia kwa sauti ya kuhutubia gwaride. "Andika hapo. Baridi haiui. Kinachoua ni upepo unaoingilia kisigino."

Niliandika. Kisha akamleta Philip Boit, Mkenya aliyeshiriki mbio za kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji kule Nagano, Japani, mwaka 1998. Boit alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikaa mstarini kumsubiri ili amkumbatie. Boit alikuja kumpa mwanawe jina la mshindi huyo.

"Mkalenjin ametoka huko kwao kwenye jua, kafika," baba mdogo akahitimisha. "Mkurya atashindwa nini?"

"Kwani mimi naenda kukimbia?" mama aliuliza kutoka jikoni. Swali lake halikuingia kwenye kumbukumbu, kwa kuwa halikupitia kwa mwenyekiti.

Nikaomba nafasi kama mtaalamu. Niliwaeleza kwamba mji wa Chamonix uko mita 1,035 tu kutoka usawa wa bahari, wakati maji ya Ziwa Victoria yako mita 1,134. Maana yake mvuvi wa Musoma aliyekaa ndani ya mtumbwi wake yuko juu kuliko mji ule wa theluji, na sisi wa milima ya Tarime tuko juu ya mvuvi.

"Basi mama yako anashuka bondeni," baba alisema kwa furaha. "Baridi itatoka wapi?"

Nilichora dunia kwa kijiti chini ya mwembe, nikaonyesha kwamba Chamonix iko karibu nyuzi 46 kaskazini ya ikweta, kwamba majira ya baridi jua hupita chini na siku hufupika, na kwamba kimo peke yake hakileti theluji mijini. Baba mdogo alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mchoro kwa kiatu, akasema China hakuna aliyemchorea chochote, alipigwa na baridi hivihivi.

Wiki iliyofuata alirudi kutoka Sirari na kiroba. Ndani mlikuwa na jozi ya viatu vya plastiki ngumu, virefu kupita kifundo, kila kimoja kikiwa na klipu nne za chuma. Muuzaji wa mitumba alikuwa amemhakikishia kuwa ni viatu vya theluji, na hakusema uongo. Mama akaketi kwenye kigoda, wajukuu wakambana klipu, akainuliwa. Kifundo hakikukunjika. Alikwenda uani kama korongo, mguu mmoja mmoja, mikono imetanuliwa, mbwa akimbwekea tangu mlango wa zizi hadi kwenye ghala. Alipotaka kurudi akashindwa kugeuka. Ilibidi watu wazima wawili wamzungushe.

Nilituma picha kwenye kundi. Dada alijibu kwa sauti, na nusu ya sauti hiyo ilikuwa kicheko. Alisema viatu hivyo hubanwa kwenye mbao za kutelezea, na hata wenyewe wakivivaa bila mbao hutembea kwa mateso.

"Basi zitafutwe na mbao," baba mdogo alishauri.

Kikao cha pili kilikuwa cha tarehe, na hapo utani ulikwisha. Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, ambazo sasa zimefika 29, humruhusu mgeni kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180. Haijali kwamba msimu wa theluji huanza Desemba na kufika Aprili. Tulitakiwa tuchague siku 90 zetu.

Mama, ambaye safari hii aliitwa kutoa maoni, alitaka Novemba. Mtoto anazaliwa, bibi yuko wapi? Nani atamkanda mzazi kwa maji ya moto, nani atampikia uji wa ulezi? Dada alitaka mwisho wa Januari, siku ya kurudi kazini. Baba hakutaka Novemba wala Januari. Desemba hiyo ilikuwa ya tohara, na mtoto wa kaka mkubwa alikuwa miongoni mwa vijana waliosubiri. Wageni wangejaa boma zima. Nani angewapikia? Februari ni kulima na kupanda mahindi. Machi je? Machi kuna palizi ya kwanza. Na maziwa ya asubuhi hayana mwezi.

Nilibandika kalenda ukutani nikaanza kuipaka rangi: palizi, tohara, mavuno ya vuli, kulima, kupanda, palizi tena. Kila tulipojaribu kuziweka zile siku 90, chini yake tulikuta kazi ya mama. Baba aliitazama karatasi ile muda mrefu, kisha akatoa uamuzi wa kiungwana: mama aende, lakini kwa wiki mbili.

Makaratasi ndiyo yaliyotuamulia. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000, na hiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Sehemu nzito ilikuwa kuthibitisha kwamba mama ni mama. Hana cheti cha kuzaliwa. Anajua alizaliwa mwaka wa Muungano, wakati wa masika, na hilo linatosha kijijini. Halafu majina yetu ya Kikurya hayana mwandishi mmoja. Kuna Boke na Bhoke, Gati na Ghati, Robi na Rhobi, kutegemea karani aliyeshika kalamu. Mama alikuwa na h kwenye kitambulisho cha taifa, hana h kwenye cheti cha ndoa cha parokia, na kwenye kadi ya mpiga kura h ilikuwa imehamia jina la baba yake. Akaapa mbele ya wakili kwamba hao wote ni yeye. Tukaenda Musoma, tukarudi, tukaenda tena na karatasi iliyokuwa imesahauliwa kugongwa muhuri.

Wakati huo Novemba ilikwisha. Mtoto wa kiume alizaliwa salama, na mama akamwona kwenye simu yangu, ndani ya jiko la moshi. Aliamuru ageuzwe, aonyeshwe kitovu, afunikwe masikio. Shemeji alitii kila amri bila kuelewa neno. Desemba tohara ikapita, mama akapika siku zote za sherehe, na tarehe ya safari ikabaki ile ambayo dada alikuwa ameiomba tangu mwanzo.

Kule Chamonix dada naye alikuwa na foleni zake. Mfaransa au mkazi wa Ufaransa anayetaka kumpokea mzazi kutoka nje huomba hati ya upokezi kwenye ofisi ya meya wa mji wake, hulipa yuro 30, na ofisi hiyo ina haki ya kujua mgeni atalala wapi. Hapo ndipo tulipogundua kwamba dada na mumewe wanaishi kwenye chumba kimoja na nusu, jiko likiwa ukutani mwa sebule.

Baba aliona aibu. "Mkwe wetu ana kazi, ana gari, na ana chumba kimoja?"

Kaka mkubwa ndiye aliyemwelewesha. Alisema hata Kogatende ni hivyohivyo. Hema lenye kitanda kikubwa na beseni la shaba ni la mgeni. Dereva analala nyuma, karibu na jenereta. Kule Chamonix nyumba nyingi zimenunuliwa na watu wa likizo, zinakaa tupu miezi mingi, na baadhi ya vibarua wa msimu hulala kwenye magari yao. "Mahali penye msimu, tata, mwenyeji halali pazuri," alisema. Baba akatulia. Jambo alilolijua Serengeti hakuona sababu ya kulikataa Ufaransa.

Tukafika kwenye fomu ya viza. Ada yuro 90. Bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, ambayo baba aliiona kuwa ni kumtabiria mtu maradhi. Mahali pa kulala, barua ya mwaliko, tiketi. Kisha kisanduku cha kazi.

"Andika hana kazi," baba aliagiza. "Mama wa nyumbani."

Mama alikuwa anapita na ndoo ya maziwa. Hakusema kitu.

Kisanduku hicho kilizaa kingine. Mwombaji hutakiwa aonyeshe kwamba atarudi kwao, na ushahidi unaopendwa ni barua ya mwajiri na hati za mshahara. Kijana aliyekuwa akitusaidia kupanga makaratasi aliuliza, kwa nia njema: huyu asiye na kazi atarudi kufanya nini? Baba aliichukua kuwa ni tusi. Mwanamke aliyetolewa mahari ya ng'ombe, mwenye mume, mji na wajukuu, aambiwe hana cha kurudia? Akaamuru ng'ombe wapigwe picha, mmoja mmoja, wa ubavu.

Tulitumia Jumamosi nzima. Ng'ombe hawapendi kusimama kwa ajili ya Ulaya. Ndama walipigwa picha pamoja na mama zao ili isionekane tumeongeza idadi. Fahali alikataa ubavu, akatoa uso tu. Mtendaji wa kijiji akaandika barua ya kuthibitisha mifugo, shamba na ndoa, akagonga muhuri mara tatu kwa heshima ya nchi ya kigeni. Bahasha ikanenepa, tukapanda basi la Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, mama akiwa ameibana kwapani usiku kucha.

Dirishani walitaka alama za vidole vyote kumi. Mashine ikawaka kijani kwa vidole viwili, kisha ikakataa. Akafuta mikono, akajaribu. Ikakataa. Akapakwa mafuta, akasubiri, akajaribu tena. Yule binti wa dirishani, mpole kabisa, alimgeuza kiganja akakitazama, akamuuliza: "Mama, unafanya kazi gani?"

Mama alinitazama mimi. Mimi nikaitazama fomu.

Jembe, kamba ya kisima, mihogo ya kumenya na makaa ya kushika kwa ncha za vidole vilikuwa vimefuta ile mistari. Baada ya majaribio mengi mashine ilikubali ilichokipata. Viza ikatoka, siku 90, bila swali hata moja kuhusu fahali.

Sasa mizigo. Begi mbili, kilo 23 kila moja, na ukoo mzima ulikuwa na oda. Shangazi alileta nyama iliyokaushwa. Mama alikuwa ameshatengeneza samli. Nilipoeleza kwamba Ulaya hairuhusu msafiri kutoka kwetu kuingia na nyama wala bidhaa za maziwa, palikuwa na ukimya wa msiba. Sisi ni wafugaji; ukituondolea nyama na maziwa hatuna zawadi. Nikaendelea: samaki mkavu anaruhusiwa hadi kilo 20. Ndizi pia hupita bila cheti cha afya ya mimea, ila mboga mbichi hudai cheti hicho.

"Dagaa wanapita?" baba aliuliza.

"Wanapita."

"Yaani Ulaya inawapokea Wajita na uvuvi wao, inatukataa sisi?"

Dagaa wa Musoma wakanunuliwa, unga wa ulezi ukafungwa, samli ikabaki, na shangazi akaondoka na nyama yake akiwa amenuna. Nafasi iliyosalia ikajazwa baridi. Kila mtu alitia begini woga wake mwenyewe. Kaka alileta koti la bodaboda lenye kikadi chake. Mke wangu alileta soksi za sufu. Baba mdogo aliteta kwa ajili ya viatu vya klipu hadi mizani ilipomshinda.

Nauli nayo ilikuwa ikisubiri. Mweka hazina alikuwa amepungukiwa, maana Januari si mwezi wa nyumbu upande wa kwetu. Wako kusini wanazaa. Baba akapeleka maksai mnadani. Tulikuwa na maksai wawili wa plau, akauza mmoja, aliyekuwa mnene zaidi, akapata bei nzuri, akarudi anapiga mluzi. Hakuna mjumbe aliyesema kwamba maksai mmoja havuti plau. Nadhani kila mmoja alidhani mwenzake amelifikiria.

Mama aliondokea Sirari, akavuka kwa miguu hadi Isebania, akapanda basi la Nairobi ambako ni karibu kuliko Dar, na kutoka huko ndege hadi Geneva. Jambo hilo lilimsumbua baba hadi dakika ya mwisho: viza ya Ufaransa, anashukaje Uswisi? Nilimweleza kwamba ukishaingia Schengen hupigwi muhuri tena mpakani. Mtu aliyezeeka kando ya mpaka wa Sirari hawezi kuamini habari ya namna hiyo. Alisubiri simu ya kusema mkewe amekamatwa.

Ujumbe wa kwanza wa sauti ulikuja usiku, kwa simu ya dada. "Nimefika. Ndani ya nyumba kuna joto la Musoma. Nimevua yote."

Makoti, soksi za sufu na nasaha za upepo wa kisigino, vyote vilikuwa vya nje, na mlezi wa mtoto mchanga anaishi ndani. Alikuwa akishinda na khanga, dirisha limefungwa, theluji imekaa upande wa pili wa kioo. Alipotoka alivaa viatu vya kawaida vya soli yenye meno ambavyo dada alimnunulia. Jumbe zake zikawa ndizo redio yetu. "Watu wa huku wanapandishwa mlimani kwa kamba, wanashuka mbio, wanapanda tena. Nimeangalia wanachoshusha. Hawashushi kitu." Na siku nyingine: "Theluji ikipungua chini, wanaitengeneza kwa mashine usiku." Huu ulimuuma kaka mkubwa. "Wenzetu wana mashine," alisema. "Siku nyumbu wakigoma kuvuka, mimi ninawageuzia wageni maneno tu."

Huku Tarime mvua zilianza mapema. Baba alitoka na maksai mmoja, akakodi mwenzake kwa jirani, na mnyama wa kukodi hakuzoeana na wetu. Walilima mistari iliyopinda hadi kwenye shamba la mtu mwingine. Ng'ombe wa maziwa wakakataa mikono ya baba, akatafuta kijana wa kukamua. Kijana alikamua lakini hakuosha vibuyu, akatafutwa binti wa jikoni. Binti alipika lakini hakwenda kisimani wala mashine ya kusaga, akatafutwa mama mmoja wa kuja siku tatu kwa wiki. Mke wangu alikuwa akisaidia, kisha siku moja akasema waziwazi kwamba yeye ana nyumba yake. Palizi ikaletewa vibarua. Ufunguo wa ghala haukujulikana ulipo wiki nzima, hadi mama alipoulizwa Chamonix akasema: juu ya boriti, nyuma ya kinu cha zamani. Baada ya hapo baba akawa anampigia kila jioni wakati wa kukamua, na bando zikawa ndicho kitu tulichokinunua mara nyingi kuliko chumvi.

Mwezi Machi ulikuja ujumbe mrefu kuliko yote. Jirani wa dada, naye mfanyakazi wa hoteli, alimwomba mama amshikie mtoto wake siku nzima, akataja malipo kwa saa. Mama alikuwa tayari. Shemeji ndiye aliyezuia, kwa adabu: viza ya kutembelea ndugu hairuhusu kazi ya kulipwa.

"Mmesikia?" sauti ya mama ilisema ndani ya kundi ambalo hakuwa mjumbe wake. "Huku nilichokuwa nakifanya miaka yote ni kazi. Ni kazi hadi kuna sheria ya kunikataza kulipwa."

Hakuna aliyejibu. Baba mdogo alituma picha ya mlima.

Alirudi siku zikiwa hazijaisha, mwishoni mwa Aprili, na koti la bodaboda likiwa halijaguswa. Akampa baba mdogo kisu cha kukunja, baba kofia, na wajukuu chokoleti. Siku ya pili kamati iliketi kufunga hesabu. Kwa mara ya kwanza mama alikaa nasi chini ya mwembe, maana binti wa jikoni alikuwa amelipwa hadi mwisho wa mwezi.

Baba alivaa miwani akasoma kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: kijana wa kukamua, binti wa jikoni, mama wa maji na kusaga, vibarua wa palizi, mara mbili, kukodi maksai, bando. Alipofika mwisho alishusha karatasi. Jumla ilikuwa imepita bei ya maksai aliyeuzwa, naye alitaka sote tuone jinsi msimu wa theluji ulivyoifilisi nyumba.

Mama aliomba isomwe tena, polepole, bila bando na bila maksai. Baba akasoma.

"Hiyo ni ya miezi mitatu?"

"Mitatu."

"Mimi niliolewa mwaka 1983," mama alisema, akanigeukia. "Mwalimu, kalamu unayo. Piga hesabu."

Mwenyekiti aliahirisha kikao hadi tarehe itakayotangazwa. Hadi leo haijatangazwa.